Kabla Hujanunua Sensa, Lisome Gari

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Taa ya injini imewaka njano kwenye dashibodi. Fundi kachomeka mashine, kasema sensa ya oksijeni imekufa. Sensa imenunuliwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, imefungwa, taa ikazimika siku mbili tatu, kisha ikawaka tena. Sasa mwenye gari anauliza: nikinunua kidude changu cha kupimia, kitanisaidia, au nitakuwa nimeongeza hasara juu ya hasara?

Kitakusaidia, ila usikitumie kama alivyokitumia fundi huyo. Alichokiona kwenye kioo kilikuwa malalamiko ya kompyuta ya gari, yeye akayageuza kuwa orodha ya manunuzi. Kompyuta haijui kwamba spea fulani imekufa. Inachojua ni kwamba namba fulani imetoka nje ya mipaka iliyopangiwa, na sababu zinazoweza kuitoa ni tano au sita. Kazi ya skana ni kukupunguzia sababu hizo hadi ibaki moja au mbili. Unaweza kuifanya kazi hiyo hata kama hujawahi kushika spana.

## Je, gari lako linasomeka?

Anza hapa kabla ya kutoa hela. Mfumo wa kupimia gari unaoitwa OBD-II ulikuwa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani ilikwenda kwa mwendo wake, na magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametengenezwa kwa wateja wa hukohuko. Ndiyo maana watu wanaona soketi ya matundu 16 chini ya usukani, wanachomeka kidude, simu inakataa kuungana, wanarudi dukani kugombana na muuzaji. Soketi ni ile ile. Lugha ya kompyuta iliyo nyuma yake ndiyo tofauti.

Kwa makadirio:

- Magari ya Kijapani ya 2008 hivi na kuendelea: mengi husomeka bila mizengwe.
- Toyota za nyuma ya hapo, kama IST ya kwanza iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, Vitz na Spacio za umri huo: ni za kubahatisha. Baadhi husomeka ukichagua Toyota ya soko la Japani ndani ya programu, nyingine zinataka skana yenye menyu ya Toyota.
- Nissan za zamani zenye soketi ya matundu 14: kidude cha kawaida hakiingii kabisa.
- Corolla na Carina za miaka ya 1990: mafundi huunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, kisha huhesabu taa ya injini inavyopepesa. Njia hiyo ni ya kweli. Lakini kwenye soketi ya matundu 16, tundu la mwisho lina umeme wa betri moja kwa moja, na waya ukikosea njia utaunguza kitu. Waachie wanaoijua.
- Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ: pampu yake ni ya kimakanika. Kidude chako hakitapata cha kusoma kwenye injini hiyo, na mtu anayetaka hela ya kuipima kwa mashine mwulize anasoma nini.

Wasomaji wa Kenya mna nafuu. Kwa kuwa gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini humo, magari yanayoingia sasa karibu yote yanasomeka.

Namna bora ya kujua ni kuazima kidude cha mtu na kukijaribu kwenye gari lako, au kwenda dukani na gari. Muuzaji asiyekubali ujaribu, mwache na bidhaa yake.

## Ununue kipi?

Vipo vya aina tatu. Kuna kidude kidogo kinachoungana na simu kwa bluetooth au WiFi. Kuna skana ya mkononi yenye kioo na waya wake. Halafu kuna mashine za gereji, kama za Launch na Autel, ambazo bei yake haina maana kwa mtu mwenye gari moja.

Kwa watu wengi kidude cha simu kinatosha, ila angalia haya:

- Vingi vimeandikwa ELM327. Hilo ni jina la chipu iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga shughuli mwaka 2022. Vilivyojaa sokoni ni nakala. Nakala si lazima iwe mbovu, lakini ile ya bei ya chini kupita zote mara nyingi haijui lugha zote, na ndiyo inayoshindwa kwenye Toyota za zamani.
- Kama simu yako ni iPhone, bluetooth ya vidude vya kawaida haitaungana. Tafuta cha WiFi, au kilichoandikwa wazi kwamba kinafanya kazi na iPhone.
- Programu kama Torque na Car Scanner zina toleo la bure. Anza na la bure. Lipa ukishaona gari linasomeka.
- Vidude hivi husoma injini, na pengine giaboksi. Taa ya ABS au ya mifuko ya hewa ikiwaka, kidude cha bei nafuu kitakwambia hakuna tatizo, kwa sababu huko hakifiki. Usilichukue jibu hilo kuwa cheti.

Skana ya mkononi ina faida moja: haihitaji chaji ya simu wala kuunganishwa nayo. Mtu asiyependa mambo ya simu achukue hiyo.

## Hatua za kusoma

1. Egesha sehemu ya wazi, vuta breki ya mkono, gia iwe P au huru. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.
2. Tafuta soketi chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti, mara nyingi jirani na kitasa cha boneti. Wakati mwingine imefunikwa na kifuniko cha plastiki.
3. Swichi ikiwa imezimwa, chomeka kidude. Kiingie kimenyooka. Ukilazimisha unapinda pini.
4. Washa swichi bila kupiga starta. Taa za dashibodi zote ziwake, na ya injini iwemo.
5. Unganisha simu. Bluetooth ikiomba namba ya siri, jaribu 1234 au 0000. Cha WiFi unaungana nacho kama mtandao mwingine wowote, kisha unachagua WiFi ndani ya programu.
6. Soma misimbo iliyohifadhiwa, au kodi kama wanavyoiita gereji. Kisha soma na ile iliyoandikwa Pending: haya ni makosa ambayo kompyuta imeyaona lakini bado haijayawashia taa.
7. Piga picha ya kioo. Usitegemee kumbukumbu.
8. Fungua sehemu ya Freeze Frame. Hapa gari limetunza hali ilivyokuwa dakika kosa lilipoandikwa: mwendo, joto la maji, mizunguko ya injini, mzigo.
9. Usiguse kitufe cha kufuta.

Hatua ya 8 hurukwa na karibu kila mtu, wakati ndiyo yenye utamu. Msimbo wa kumisi ulioandikwa gari likiwa limesimama na maji yana nyuzi 35 ni habari ya asubuhi, injini ya baridi. Msimbo huo huo ukiandikwa kwenye mwendo wa 80 na mzigo mkubwa ni habari ya mlimani, na hapo unafikiria koili au mafuta yasiyofika vya kutosha. Fundi akikwambia "mbona hapa halimisi", unamwonyesha picha.

Kikikataa kuungana: tazama taa ya kidude chenyewe. Haiwaki kabisa? Angalia fyuzi, katika baadhi ya magari soketi hii inapata umeme kupitia fyuzi ya kiberiti cha sigara, ambayo hukatika kwa sababu ya chaja mbovu za simu. Inawaka lakini programu haioni gari? Hapo tatizo ni lugha, au nakala mbovu. Ukiombwa namba ya VIN ya herufi 17, kumbuka gari la soko la Japani halina. Lina namba fupi ya chasisi. Chagua aina ya gari kwa mkono.

## Kuelewa msimbo unasema nini

Herufi ya kwanza inataja sehemu. P ni injini na giaboksi, C ni chasisi pamoja na breki, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana ya msimbo ni moja kwa magari yote. Ikiwa 1, ni ya mtengenezaji, kwa hiyo ukiitafuta mtandaoni taja na jina la gari, la sivyo utasoma habari za Ford wakati unaendesha Nissan.

Kisha angalia maneno yanayofuata namba. Yakitaja Circuit, High au Low, kompyuta inalalamikia umeme: waya, plagi ya waya, au fyuzi. P0113, kwa mfano, husema ishara ya sensa ya joto la hewa iko juu kupita kiasi. Kwenye magari mengi sababu ni plagi ya sensa iliyosahaulika kurudishwa baada ya mtu kusafisha eya klina. Haihitaji spea. Inahitaji kidole cha kuibonyeza hadi isikike "tik".

Na onyo kwa anayekuta misimbo sita, saba, au kumi kwa mpigo: sensa hazifi kwa kukubaliana. Tafuta kinachoziunganisha: betri iliyochoka, terminali zilizolegea au zenye ukungu mweupe, waya wa ethi ulioachwa baada ya kazi ya injini, fyuzi moja inayolisha sensa kadhaa. Pima betri kwanza, kabla hata ya kusoma maana ya msimbo wa pili.

## Misimbo inayoponza wengi

P0420, masega. Msimbo huu unasema masega ya eksozi hayasafishi moshi inavyotakiwa. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni kwa kuwa ni rahisi kuliko masega. Kabla ya hapo, lala chini utazame. Je, eksozi ina tundu au welding mpya? Je, masega yenyewe yapo? Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna watu wanayatafuta kwa udi na uvumba. Zipo gari zinazoingia gereji nayo na kutoka bila. Kama yametolewa, sensa unayonunua haitaizima taa hata iwe mpya ya kiwandani.

P0300 hadi P0304, kumisi. Tarakimu ya mwisho hutaja silinda. 0 ina maana ya silinda tofauti tofauti. Uliza kwanza: injini imeoshwa kwa maji ya presha jana? Maji huingia kwenye mashimo ya plagi. Umejaza mafuta kituo usichokizoea? Mafuta yaliyochakachuliwa hayana msimbo wake, huleta huu. Kama ni silinda moja tu, fanya jaribio lisilo na gharama. Tuseme ni P0301:

1. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, hamisha koili ya silinda ya kwanza uiweke ya tatu, na ya tatu uiweke ya kwanza. Kwenye Toyota ndogo ya silinda nne, ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda.
2. Futa msimbo. Hapa kufuta kunaruhusiwa, umeshapiga picha.
3. Endesha hadi limisi tena, kisha soma.
4. Ikija P0303, koili ndiyo mbaya, umemaliza. Ikibaki P0301, rudia kwa plagi. Ikibaki tena, hapo ni nozeli au mgandamizo wa silinda, na mwachie fundi.

Taa ikiwa *inapepesa* badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame pazuri. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega.

P0135 na ndugu zake. Huu unalalamikia kifaa cha kupasha joto kilicho ndani ya sensa ya oksijeni. Sensa inaweza kuwa imekufa kweli, lakini angalia fyuzi yake kwanza.

P0128, injini haipati joto. Msimbo huu kwetu una historia yake. Mafundi wengi hutoa thamostati wakisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Injini ikikimbia barabara kuu bila thamostati inabaki na nyuzi 65 au 70, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta. Mwenye gari analalamika linakunywa. Rudisha thamostati. Na kama injini inachemka ikiwa nayo, ugonjwa ni rejeta, feni au pampu ya maji.

P0171, mafuta kidogo hewa nyingi. Huu nautolea mfano kamili, kwa sababu ndio unaoonyesha skana inavyookoa hela.

Premio ya mwaka 2010, injini ya 1NZ, taa inawaka, gari linatetemeka kidogo kwenye foleni. Gereji ya kwanza imeshauri sensa ya oksijeni, ya pili pampu ya mafuta. Fungua namba zinazotembea, utafute STFT na LTFT. Hizi ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa. Ya kwanza ni marekebisho ya papo hapo, ya pili ni mazoea ya muda mrefu. Kwa injini nzima jumla yake hucheza kati ya hasi 10 na chanya 10. Premio hii, ikiwa imesimama inaunguruma, inaonyesha chanya 24. Mtu akishikilia resi ya mizunguko 2,500 kwa nusu dakika, inashuka hadi chanya 6.

Kushuka huko ndiko jibu. Kama pampu ingekuwa dhaifu, upungufu ungezidi kadiri injini inavyodai mafuta. Hapa injini inapodai zaidi hali inakuwa nafuu, kwa hiyo kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya sensa ya hewa. Ni hewa kiasi kile kile. Injini ikivuta kidogo inaonekana nyingi, ikivuta nyingi inamezwa. Unazima injini, unashika mpira mpana unaotoka eya klina kwenda kwenye injini, unaupinda kwa vidole kwenye mikunjo yake ya chini. Ufa unajifungua kama mdomo. Injini ikiwa imetulia ufa hauonekani. Injini inapotikisika ndipo unapofunguka. Mpira wa mtumba kwa gari kama hilo hauna bei ya kutisha.

Marekebisho yakiwa juu injini ikiwa imetulia na ikiwa kwenye resi, kwa kiwango kinachokaribiana, shuku sensa ya hewa iliyochafuka. Yakipanda unapovuta resi, ndipo uzungumzie pampu na filta. Usikubali mtu apulize petroli au dawa inayowaka kwenye injini ya moto "kutafuta uvujaji". Magari yameungua hivyo.

## Namba nyingine za kutazama

Programu itakuonyesha namba hamsini. Zinazokuhusu ni chache:

- Joto la maji na joto la hewa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha: ziwe karibu sawa. Moja ikionyesha hasi 40 hapa Afrika Mashariki, waya umekatika au plagi imechomoka.
- Joto la maji injini ikiwa imeshapata moto: kwa Toyota nyingi ni nyuzi 80 hadi 95 hivi, feni ikija na kukata. Likizidi 105 na bado linapanda, zima injini. Kifuniko cha rejeta usikifungue hadi kipoe.
- Volti: injini imezimwa na betri imepumzika, 12.4 hadi 12.7. Ikiwa inaunguruma, 13.5 hadi 14.7. Ikibaki 12 na kitu huku injini inafanya kazi, jenereta haichaji.
- Sensa ya hewa: injini ya lita 1.5 ikiwa imesimama huvuta takriban gramu 2 hadi 3 kwa sekunde.
- Sensa za oksijeni: ya nyuma ya masega itulie. Ikipanda na kushuka haraka pamoja na ya mbele, masega yamechoka au hayapo.

Sensa ya mbele ya baadhi ya Toyota ni ya aina tofauti, volti zake hazichezi kati ya 0.1 na 0.9 kama ulivyosoma mahali. Usiihukumu kwa kipimo hicho.

Ukitaka namba za barabarani, mtu mwingine ashike simu. Hili silibembelezi.

## Kufuta: lini, na kwa nini si sasa

Kitufe cha kufuta kinafuta zaidi ya taa. Kinaondoka na picha ya Freeze Frame, kinaondoka na mazoea ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kwa wiki, na kinarudisha mwanzo vipimo ambavyo gari hujipima lenyewe. Kuchomoa terminali ya betri kuna matokeo kama hayo, pamoja na redio inayoomba namba ya siri, na kwenye Nissan kadhaa injini inayoanza kuunguruma vibaya hadi ifundishwe upya.

Futa baada ya matengenezo, au katikati ya jaribio kama lile la koili. Kisha endesha siku kadhaa kwa namna zote: kuwasha asubuhi, foleni, barabara ndefu. Soma Pending kila jioni. Msimbo ukirudi huko kabla taa haijawaka, umejua mapema.

## Ukienda kununua gari la mkononi

Beba kidude. Mwenye gari akikukatalia kuchomeka, umeshapata jibu.

- Swichi ikiwashwa, taa ya injini *lazima* iwake, kisha izimike injini ikiunguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa au ameiziba.
- Tafuta sehemu ya vipimo vya utayari. Vingi vikionyesha havijakamilika, misimbo imefutwa hivi karibuni au betri imechomolewa.
- Programu nyingi zinaonyesha umbali tangu misimbo ilipofutwa. Gari linalouzwa kwa maneno "halina tatizo tangu lije" huku namba hiyo ikisema kilomita 9, muulize mwenyewe alifuta nini asubuhi.

Kilomita za dashibodi ni habari nyingine. Kidude cha kawaida hakitakuthibitishia.

## Maswali yanayorudi

Kidude kinaweza kuharibu gari? Kusoma hakuharibu. Kinachoharibu ni programu zinazoahidi kubadilisha mipangilio ya kompyuta au kupunguza ulaji wa mafuta. Vile vinavyouzwa kwa ahadi ya kuokoa petroli kwa kuchomekwa tu, usinunue.

Nikiache kimechomekwa? Hapana. Soketi ina umeme hata swichi ikizimwa. Gari likikaa siku kadhaa, betri iliyochoka italala.

Gari linasumbua lakini hakuna msimbo. Hutokea sana. Mounti za injini, breki, bearing, mgandamizo ulioanza kupungua, hata pampu ya mafuta inayochoka pole pole, vyote vinaweza visiandike chochote. Kioo kisicho na kosa hakimaanishi gari zima.

Taa ya mifuko ya hewa imewaka, nipime waya zake? Usiguse. Waya hizo nyingi zina ganda la njano, na mita ya kupimia umeme inaweza kuufyatua mfuko. Mpelekee mwenye mashine inayofika huko.

Fundi wangu atachukia nikija na skana. Yuko atakayechukia. Fundi mzuri hufurahi, kwa kuwa umemwokolea nusu saa.

## Unapofika gereji

Nenda na hivi:

- picha za misimbo na Freeze Frame, kabla ya kitu chochote kufutwa;
- maelezo ya dalili kwa maneno yako: linamisi lini, likiwa la baridi au la moto, tanki likiwa na mafuta kiasi gani;
- orodha ya kilichofanyika karibuni, hata kama ni kuosha injini au kubadilisha betri.

Usimwambie fundi "badilisha sensa fulani". Ukisema hivyo ataibadilisha, na isipopona lawama ni yako. Mwambie gari linafanya nini, mwonyeshe namba, kisha mwulize atathibitishaje kabla ya kununua. Mkishakubaliana bei, sema mapema kwamba spea ya zamani unaitaka mkononi, na kabla hujalipa chomeka kidude hapohapo, injini ikiwa na joto, utazame kama namba iliyokuleta imerudi mahali pake.